Ua wa Minyaa

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, abiria kutoka Kigongo anaipita Busisi bila kushuka garini. Enzi za kivuko ulikaa ukisubiri, na macho yakapata muda wa kuzunguka kwenye miji ya watu. Ua wa minyaa uliopandwa na mtu anayeijua kazi ulitambulika kwa mbali: mnene tangu chini, hata kuku hapenyi.

Huku kichanga ni kichanga kweli. Wasukuma wanauita udongo huu luseni; mvua ya asubuhi, jioni huioni ilikokwenda. Mnyaa haujali. Vijani vyake ni vidogo na hupukutika mapema, kwa hiyo chakula chake kinatengenezwa na vijiti vya kijani, ambavyo huvuta hewa usiku, jua likiwa limezama, ili maji yasipotee ovyo.

Kwa sababu ni mgumu hivyo, watu hudhani kuupanda hakuhitaji ufundi. Mtazame fundi. Anachagua matawi yaliyokomaa, anasimama upepo ukiwa mgongoni, anakata kwa pigo moja na kurudisha uso nyuma. Utomvu mweupe unachuruzika papo hapo. Tone likiingia jichoni ni maumivu makali, na unaweza kushinda huoni. Watoto hufukuzwa mapema.

Halafu hapandi. Anayalaza matawi kivulini siku kadhaa, mpaka kidonda kikauke na kufunga ngozi. Mwenye haraka huyachomeka yakiwa bado yanavuja. Yanaoza chini ilhali juu ni ya kijani kabisa, na mwenyewe anajisifu mpaka siku atakapolivuta moja likatoka mkononi. Fundi anatandaza kamba, anatoboa kwa mtaimbo, anashindilia mchanga kwa kisigino, tawi karibu na tawi. Hamwagilii. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana kuacha ndoo pembeni wakati jua linawaka si jambo dogo.

Miaka ya 1970 Melvin Calvin, mkemia wa California mwenye Tuzo ya Nobel ya 1961, aliutazama utomvu huu akawaza mafuta ya magari. Magari yaliendelea na petroli. Usukumani minyaa ilikuwa imeshapewa kazi yake siku nyingi: kuzungushia maboma ya ng'ombe, kwa kuwa mifugo hailigusi jani lake.

Kazi inayobaki ni panga. Mnyaa ukiachwa unakuwa mti wa mita kadhaa, kivuli juu, uwazi chini, na mbuzi wanapita kama mlangoni. Ukikatwa kichwa ungali mdogo, unachipua pembeni na kujaza. Pengo likitokea hakuna cha kununua: tawi linakatwa juu ya ua uleule, linalazwa kivulini, kisha linachomekwa.