Slaidi Nzuri Hujulikana kwa Kiini

Ukitaka kujua maabara ya patholojia ina fundi wa namna gani, usiulize mashine zake zimetoka wapi. Omba slaidi moja ya kila siku, ile iliyotiwa hematoksilini na eosini, ishike kwenye kingo, uiinue usawa wa dirisha. Hadubini itasubiri.

Kwa macho matupu utaona kama kipande kimekaa katikati ya kioo, kama namba ya mgonjwa inasomeka, kama kuna mapovu ya hewa chini ya kioo cha kufunikia. Hayo ni ya unadhifu, kila mtu anayaona. Mimi hutazama zaidi ulingano wa rangi. Tishu ya aina moja ikikolea upande huu na kupauka upande ule, mikrotomu haikukata unene mmoja. Mistari mingi sambamba, iliyokolea na kupauka kwa zamu, huonyesha kisu kilikuwa kinatikisika: ama hakikukazwa vizuri, ama bloku, yaani nta iliyobeba tishu, ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mstari mmoja mrefu unaofuata mwendo wa kisu unatokana na pengo kwenye makali. Wembe hubadilishwa, sioni sababu ya slaidi kama hiyo kutoka maabara.

Sasa weka chini ya hadubini, uende moja kwa moja kwenye kiini cha seli. Mgeni wa kazi hii huvutwa na waridi la eosini, lakini daktari anayetafuta saratani anasoma kiini, na hapo ndipo fundi anapopimwa. Kiini kizuri kina mpaka. Utando wake umejichora wazi, kromatini ndani yake unaiona chembe kwa chembe, na nukleoli ikiwepo huhitaji kubahatisha. Kiini kibaya ni doa la bluu, basi. Kikiwa na uwekundu badala ya bluu, rangi haikupewa muda wa kutosha kwenye maji yenye ualkali. Hilo ni jepesi kusahihisha. Doa lililofifia ni shauri jingine.

Wengi wakiona viini vimefifia hulaumu rangi na kuitia upya, wakati kosa lilishafanyika siku moja au mbili nyuma, ndani ya kopo la formalini. Tangu Mjerumani Ferdinand Blum alipoonyesha mwaka 1893 kwamba formalini huhifadhi tishu, kanuni yake haijabadilika sana: iwe nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, na ipewe muda. Huzama polepole, takriban milimeta 1 kwa saa, na kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyopunguza mwendo. Titi zima likifinywa kwenye kopo dogo bila kupasuliwa, nje litakaza huku ndani likiendelea kuoza. Kwa saratani ya titi, ambako kipande hichohicho kitapimwa vipokezi vya homoni, mwongozo wa wataalamu wa Marekani unataka saa 6 hadi 72 ndani ya formalini, na sampuli ifike humo ndani ya saa moja tangu itolewe mwilini.

Basi ukikuta viini vizuri pembezoni na vilivyofifia katikati, usimwandikie mkataji kosa hilo. Ni la chumba cha upasuaji, au la aliyepokea sampuli akaiacha nzima. Lakini vinyama vidogo vya endoskopi vikiwa na nyufa nyembamba kila mahali na seli zimesinyaa, hapo fundi ana la kujibu: amevipitisha kwenye alkoholi na zailini kwa ratiba ya usiku kucha iliyowekwa kwa ajili ya vipande vinene.

Eosini nayo ina kipimo chake. Nataka nione waridi tatu zisizofanana: chembe nyekundu za damu ziwake kuliko vyote, misuli ifuate, kolajeni ipoe. Slaidi inayong'aa waridi moja kila mahali hupendwa na wengi. Mimi naikataa, kwa sababu imeficha tofauti ambazo daktari anazihitaji.

Unene wa kawaida ni maikroni 3 hadi 4. Figo hutaka chini kidogo ya hapo. Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano unaoonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto, ambao baadaye ulijulikana kuwa limfoma. Chini ya hadubini hutambulikana kama anga lenye nyota: seli nyeusi zilizosongamana, na katikati yake makrofaji zilizopauka. Kata nene, seli zitapandana na nyota zitafunikwa.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kipande cha mgonjwa mwingine. Huachwa kikielea kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha utepe wa vipande unaofuata hukinasa. Zungusha skrubu ya kulenga: kipande kigeni mara nyingi huonekana katika usawa wake peke yake, juu ya tishu ya mwenyewe, nacho hakihusiani na kiungo kilichoandikwa kwenye fomu. Kata bloku tena. Kisipoonekana humo, kimetoka majini. Fundi makini hupitisha karatasi laini juu ya maji kila anapobadilisha bloku, hata foleni iwe ndefu vipi, maana kinyama kidogo kama hicho kinaweza kumpa mtu mzima wa afya jibu la saratani.

Mwisho omba bloku yenyewe. Ngozi iliyozikwa ikiwa imelala chali, badala ya kusimama ili tabaka zote zionekane kuanzia juu hadi kwenye mafuta, bado inaweza kuyeyushwa na kupangwa upya. Nyama iliyopotea haina dawa. Kinyama cha sindano cha tezi dume kina upana wa kama milimeta 1 tu, na mkono wenye haraka unaweza kuimaliza nusu yake wakati wa kusawazisha uso wa bloku, kabla ya slaidi ya kwanza. Nikikuta nta tupu pale ambapo vipimo zaidi vitahitajika, slaidi hiyo siipi alama ya juu, hata iwe safi namna gani.