Nairobi Fly: Jinsi mshukiwa alivyotambuliwa

Mvua zikikolea, wahudumu wa zahanati za Kibera na Kawangware huanza kusikia malalamiko ya aina moja. Mtu alilala vizuri na akaamka vizuri. Kesho yake anaona mstari mwekundu shingoni unaochoma, na siku inayofuata mstari huo umeota malengelenge. Mwingine jicho limefura, halifunguki. Ukimuuliza ameumwa na nini, hakumbuki kuumwa. Majirani hawakosi majibu: ni maji moto, ni mkanda wa jeshi, ni buibui amemkojolea, ni mkono wa mtu.

Wakazi wengi wa Nairobi hata hivyo wanamjua mshukiwa. Ni yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, Nairobi Fly. Uchambuzi huu hautafuti dawa. Unauliza wataalamu walijuaje kuwa ni yeye, na ni yeye yupi hasa. Swali hili si la makumbusho peke yake, kwa sababu kila hatua ya kumtambua ilibadilisha ushauri unaofaa kumpa mtu wa Kibera au Kawangware.

Hatua ya kwanza ni kumtazama. Mfunike kwa glasi juu ya karatasi nyeupe, usimguse, kisha sogeza lenzi. Ana urefu wa milimita 7 hadi 10. Kichwa ni cheusi na kifua kina rangi ya machungwa iliyoiva. Nyuma ya kifua kuna vifuniko viwili vifupi vya buluu ya kumetameta, visivyofika hata nusu ya mgongo. Kisha zinafuata pingili nne za tumbo zenye rangi ya machungwa, na ncha ya tumbo ni nyeusi tena. Ukigonga glasi, anainua ncha hiyo juu na kukimbia upesi bila kuruka.

Vifuniko hivyo vya buluu ndivyo vinavyomtoa katika kundi la nzi. Nzi ana jozi moja ya mabawa ya kurukia. Huyu ana jozi mbili: ya mbele imegeuka kuwa magamba magumu, na ya nyuma imekunjwa kwa ustadi chini ya magamba hayo. Hiyo ni alama ya mbawakawa. Ndani ya mbawakawa, kila familia ina alama yake. Wale wanaojifyatua wakiwekwa chali na kutoa mlio wa "tak," yaani familia ya Elateridae, hutambulika kwa mwiba ulio chini ya kifua unaonasa katika kishimo na kuachia ghafla. Nairobi Fly hana mwiba huo. Yeye ni wa Staphylinidae, familia ya mbawakawa ambao wengi wao wana vifuniko vifupi na tumbo lililo wazi, yenye spishi zaidi ya 60,000 duniani. Ndani ya familia hiyo, umbo jembamba, rangi hizo na kipande cha nne cha wayo kilichogawanyika sehemu mbili humpeleka kwenye jenasi ya Paederus, iliyopewa jina na Fabricius mwaka 1775.

Wengi huishia hapo na kudhani kazi imekwisha. Lakini jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 600, na nyingi zimevaa rangi hizohizo. Ni kama sare ya shule: inakuambia mtoto anasoma wapi, haikuambii jina lake.

Majina yenyewe yalitolewa mbali na hapa. Wilhelm Ferdinand Erichson, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Berlin, alieleza Paederus sabaeus katika kitabu chake kikubwa cha Staphylinidae kilichotoka 1839 na 1840. Mfaransa Louis Reiche alieleza Paederus eximius katikati ya karne hiyohiyo. Baadaye Mjerumani Eduard Eppelsheim akaongeza Paederus crebrepunctatus. Maelezo ya enzi hizo yaliandikwa kwa Kilatini, na yalitegemea mambo yanayoonekana kwa lenzi: rangi ya miguu na vipapasio, upana wa kichwa ukilinganishwa na kifua, na jinsi vitundu vidogo vilivyosongamana juu ya vifuniko. Waandishi hao walikuwa na wadudu waliokauka, waliotobolewa pini. Malengelenge ya mtu hayakuwa hoja yao.

Hoja hiyo ilikuja kutoka upande wa tiba. Mwaka 1912 daktari wa Brazil, Manuel Pirajá da Silva, alionyesha kuwa mbawakawa wa jenasi hii husababisha malengelenge. Mwaka 1935, J. I. Roberts na H. D. Tonking walichapisha utafiti wao kuhusu mbawakawa wa malengelenge wa Afrika Mashariki, na jina walilompa ni lile la Eppelsheim, crebrepunctatus. Leo, maandishi mengi ya kitabibu yakitaja Nairobi Fly hutaja eximius na sabaeus. Basi kwa jina moja la mtaani tuna majina matatu ya kisayansi, na daktari aliyesoma kitabu kimoja hawezi kujua kama mgonjwa wake alikutana na mdudu yuleyule wa kitabu kingine.

Njia ya kutatua mgogoro huu inajulikana. Kwanza hutafutwa dume. Ukimgeuza chali chini ya hadubini, dume ana mkato mrefu katikati ya pingili ya tumbo iliyo karibu na mwisho, ambao jike hana. Analainishwa katika maji ya uvuguvugu, ncha ya tumbo inafunguliwa kwa sindano nyembamba, na kiungo cha uzazi kinatolewa. Kinasafishwa kwa mmumunyo mwepesi wa potasi, kinawekwa ndani ya gliserini, kisha kinalinganishwa na mchoro. Kiungo hicho hakifuati sare. Rangi ya mwili inaweza kufifia, na ukubwa hubadilika kwa lishe ya utotoni, lakini umbo la kiungo cha dume hutofautiana kati ya spishi na spishi na hubaki lilelile ndani ya spishi moja. Siku hizi huongezwa kipande cha DNA chenye herufi zipatazo 650, ambacho husaidia hasa pale sampuli inapokuwa jike au buu.

Mwisho wa yote ni kielelezo cha asili. Kwa sheria za majina ya wanyama, zinazohesabu kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, jina hufungwa kwenye mdudu halisi aliyehifadhiwa, na jina halali lililotangulia ndilo linaloshika. Ubishi kuhusu sabaeus hauamuliwi kwa picha ya simu wala kwa kura ya wataalamu. Unaamuliwa kwa kurudi kwa mdudu ambaye Erichson alimshika mkononi.

Kumpa mdudu jina sahihi, hata hivyo, si kuthibitisha kosa lake. Hapo kemia iliingia. Nairobi Fly haumi na hana mwiba wa kuchoma. Sumu iko ndani ya damu yake, na humfikia mtu pale anapompangusa au kumponda juu ya ngozi. Mwaka 1953 Waitaliano Pavan na Bo walitangaza kuwa wamepata sumu hiyo ikiwa fuwele safi kutoka kwa ndugu yake, Paederus fuscipes, wakaiita pederini. Kujua muundo wake kulihitaji wadudu wapatao milioni 25 waliokusanywa mashambani. Karibu nasi, McCrae na Visser walichapisha mwaka 1975 kazi yao ya Uganda, iliyoeleza milipuko, dalili za wagonjwa, na namna ya kukamua sumu na kuipima.

Pederini huzuia seli kutengeneza protini. Ndiyo sababu maumivu hayaji papo hapo kama ya nyuki: seli huchukua saa nyingi kudhoofika, na alama hujitokeza baada ya saa 12 hadi 48. Ucheleweshaji huo ndio uliomficha mshukiwa kwa muda mrefu. Jeraha linapoonekana, mdudu alishapanguswa juzi na kusahauliwa. Umbo la jeraha nalo ni ushahidi. Mstari hufuata njia ya kiganja kilichompangusa. Pale ngozi inapokunjana, kama ndani ya kiwiko, upande mmoja huchapa sumu kwenye upande wa pili, na majeraha mawili hutokea yakitazamana. Jicho huumia zaidi kwa sababu mkono ulioponda ndio unaolisugua.

Mwaka 2002 Mjerumani Jörn Piel aligeuza kesi hii tena. Alionyesha kuwa jeni za kutengeneza pederini zinatoka kwa bakteria wanaoishi ndani ya mbawakawa hao. Jike ndiye anayebeba sehemu kubwa ya sumu, na huwapa watoto wake sumu hiyo kupitia mayai, nayo huwakinga mabuu dhidi ya buibui wawindaji. Kwa hiyo wadudu wawili wanaofanana kabisa kwa macho wanaweza kutofautiana sana kwa sumu. Jirani akisema alimponda mmoja na hakupata kitu, huenda anasema kweli, lakini hilo halimfanyi yule atakayefuata kuwa salama.

Sasa turudi mitaani. Mdudu huyu hutaga katika udongo wenye unyevu na majani yanayooza, na huwinda wadudu wadogo, kwa hiyo shambani ni rafiki. Kibera imepakana na Bwawa la Nairobi upande wa kusini, na mito na mitaro hupita katikati ya nyumba. Mvua nyingi huongeza makazi yake: baada ya El Niño ya 1997 na 1998 Nairobi ilipata mlipuko uliokumbukwa kwa miaka mingi. Usiku huvutwa na mwanga. Zile taa ndefu ambazo watu huziita mulika mwizi humleta kutoka kwenye majani hadi katikati ya makazi, na balbu ya ndani humwingiza kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati. Kitanda kikiwa chini ya balbu, safari yake inaishia kwenye shuka.

Ukifuata utambuzi huu, ushauri unajipanga wenyewe. Kwa kuwa si nzi, kupambana na nzi wa jaa la taka hakumgusi. Kufyeka majani yenye unyevu karibu na nyumba kunamgusa. Kwa kuwa anafuata mwanga, kuzima balbu mapema na kusogeza kitanda kunasaidia. Kwa kuwa haumi, kumpiga kofi ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Jina lisilo na utambuzi nalo lina hasara zake. Julai 2022 wanafunzi wapatao 100 wa chuo kimoja huko Sikkim, India, walipata malengelenge, na vyombo vya habari vikatangaza kuwa Nairobi Fly amefika. Asia ina spishi zake za Paederus zenye sumu hiyohiyo, ikiwamo ile fuscipes ya Pavan. Mji wetu ulibebeshwa lawama kwa sababu hakuna aliyesubiri kumtazama dume chini ya hadubini.

Kwa maoni yangu, kesi ya sumu imefungwa, lakini kesi ya jina bado inahitaji vielelezo kutoka mitaa yenyewe, na hapo mkazi anaweza kufanya zaidi ya kulalamika. Ukimwona mwilini, mpulize au mpandishe kwenye karatasi. Ikiwa amepondeka, osha ngozi mara moja kwa sabuni na maji, na usiguse macho. Kisha mtie kwenye kichupa cha spiriti na uandike kwa penseli, kwenye karatasi iliyo ndani ya kichupa, mtaa, tarehe na jina lako. Makumbusho ya Taifa yana mkusanyiko wa wadudu, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, kina wataalamu wa kuwatambua. Mdudu asiye na mahali wala tarehe hana faida kwao. Mwenye vyote viwili ni ushahidi.