Mapenzi Yasiyotamkwa: Ufundi wa Riwaya ya Howl's Moving Castle

Howl's Moving Castle, riwaya ya Diana Wynne Jones iliyotoka mwaka 1986, ni hadithi ya mapenzi na uchawi ambamo wapendanao hugombana karibu kila wanapokutana. Hakuna barua za mahaba wala viapo chini ya mbalamwezi. Hata hivyo msomaji humaliza akiwa na hakika kwamba Sophie na Howl wamependana kwelikweli, na njia iliyotumika kumfikisha hapo inaweza kufuatiliwa.

Sophie Hatter ni kifungua mimba katika nchi ya Ingary, ambako kanuni ya ngano ndiyo sheria ya maisha: mtoto wa kwanza akienda kutafuta bahati, atashindwa. Aliyekua akisimuliwa habari za Nunda mla watu, ambamo mtoto wa saba wa Sultani Majnuni ndiye anayefaulu baada ya kaka zake kushindwa, hahitaji kuelezwa kanuni hiyo. Sophie ameiamini. Amejifungia katika duka la kofia, anashona, na kwa kukosa wa kuzungumza naye anazungumza na kofia zenyewe. Kisha Mchawi wa Nyika anamgeuza kikongwe wa miaka kama 90.

Hapa ndipo penye ufundi mkubwa kuliko wote. Laana ile inamfungua Sophie mdomo. Msichana aliyetetemeka kusemeshwa na kijana njiani siku ya sikukuu, sasa anajiingiza katika kasri la Howl, mchawi anayesemekana kula mioyo ya wasichana, anaota moto wa Calcifer, jini anayeishi mekoni, na kujipa kazi ya kusafisha nyumba. Bibi kizee hana haja ya kupendeza. Kwa hiyo Sophie na Howl wanajuana kwa yale ambayo wachumba hufichana. Sophie anaona majivuno ya Howl, saa anazopoteza bafuni, na jinsi anavyokwepa kila wajibu. Siku nywele zake zinapotoka na rangi asiyoitaka kwa sababu Sophie amevuruga vichupa vyake, anazira mpaka ute wa kijani unatapakaa nyumbani. Howl naye anavumilia ubishi wa Sophie na mikono yake isiyojua kutulia. Penzi linalopita katika hali hiyo halihitaji kutetewa kwa maneno matamu.

Ufundi wa pili ni wa msimulizi. Habari zote zinapita kichwani mwa Sophie, na Sophie ni hodari wa kutojijua. Chukua suti ya Howl ya kijivu na nyekundu. Anaitia viraka huku akiinong'oneza kwamba imeshonwa kuvuta wasichana. Hajui kuwa maneno yake yana nguvu za uchawi. Baadaye mwalimu wa zamani wa Howl anatambua kwamba mishono ya suti hiyo ina dawa ya mvuto, na Sophie anaanza kuingiwa na wasiwasi. Mwisho anakasirika, akikataa kukubali kwamba aliyenaswa ni yeye, mshonaji. Lakini ile suti nyingine, ya buluu na fedha, mbona nayo ilimvuta vilevile? Hayo ndiyo maungamo yake, na yametoka kama lalamiko juu ya nguo.

Laana yenyewe imetumika hivyohivyo. Howl aliitambua mapema, akajaribu kwa siri kuiondoa zaidi ya mara moja, ikakataa; akahitimisha kwamba Sophie anapenda kujificha ndani ya uzee. Msomaji anagundua kwa kuchelewa kwamba yule anayeitwa hana moyo alikuwa akimhangaikia muda wote.

Kasoro ipo. Sura za mwisho zimebanana: mkataba wa Howl na Calcifer, watu waliopotea na posa kadhaa vinafumbuliwa katika kurasa chache, na msomaji wa mara ya kwanza hulazimika kurudi nyuma.

Filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2004 ilipita njia nyingine. Humo umri wa Sophie hubadilika mbele ya macho: akilala, anarudi usichana. Mtazamaji anaonyeshwa mapema kile ambacho msomaji ameachiwa akigundue. Filamu ni nzuri sana, lakini katika kujenga mapenzi kitabu kimeizidi.