Hakumaliza

Mwaka jana nililipwa kuandika makala kuhusu mchezo ambao sijawahi kuuona kwa macho yangu: hoki ya barafu. Mteja alikuwa ng'ambo, sijui hata nchi gani, na alitaka maneno elfu moja kuhusu washambulizi wa mstari wa nne, wale wanaoingizwa uwanjani timu ikiwa imepungukiwa mchezaji kwa sababu ya adhabu. Nilijifungia kwa nyumba yangu hapa Kimumu, matatu za Iten zikipiga honi barabarani, nikatazama video mpaka bando ikaisha.

Nilichoelewa ni hiki. Timu huwa na washambulizi kumi na wawili, wanaopangwa watatu watatu katika mistari minne. Mstari wa kwanza ni wa mastaa. Wa nne hucheza dakika chache kuliko wote. Lakini mwenzao akifanya kosa na kutolewa nje dakika mbili, wanabaki wanne dhidi ya watano, na mara nyingi kocha huwaita hao wa chini. Hatumi watu wafunge bao. Anawatuma wahakikishe dakika mbili zinapita bila kitu chochote kutokea. Wanazuia kwa miguu, kwa mbavu, kwa chochote walicho nacho. Na wakiifanya kazi hiyo vizuri kabisa, hakuna cha kuandika kwenye ubao wa mabao.

Nilituma makala, nikalipwa, ikatoka na jina la mtu mwingine. Sina lawama, ndiyo biashara yenyewe. Lakini jioni hiyo nilitoka nje kuchota maji nikamkuta jirani yangu wa ploti akianika viatu vyake vya mbio kwenye kamba. Yeye ni pesimeka. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu: nimemaliza wiki nzima nikiwatetea watu wa Kanada, na mtu wa mstari wa nne tunatumia naye mfereji mmoja.

Kwa hivyo hii ni kesi dhidi ya namna tunavyosimulia mbio, sisi wenyewe, katika mji unaojiita mji wa mabingwa.

Kwa asiyejua: pesimeka, au mweka kasi, ni mkimbiaji anayeajiriwa na waandaaji kukimbia mbele kwa kasi iliyokubaliwa, kilomita baada ya kilomita, halafu kutoka. Kwenye marathoni wengi hutoka kati ya nusu ya mbio na kilomita ya 30 au 35. Akifika pale alipoambiwa, kwa muda alioambiwa, kazi imeisha. Ukifungua orodha ya matokeo kesho yake, mbele ya jina lake utakuta herufi tatu, DNF. Maana yake: hakumaliza. Ni herufi hizo hizo anazopewa aliyeanguka, aliyeumia msuli na aliyekata tamaa.

Orodha ya matokeo ni maandishi kama maandishi mengine, na mimi naisoma hivyo. Ina mhusika mkuu, ina mwisho, na ina watu iliyoamua kuwasahau. Sasa chukua Berlin, tarehe 28 Septemba 2003. Paul Tergat alishinda kwa saa 2:04:55, binadamu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika tano. Hiyo kila mtoto wa Bonde la Ufa anaijua. Sekunde moja nyuma yake, 2:04:56, alikuwa Sammy Korir. Korir alikuwa pesimeka. Wa tatu, Titus Munji, naye alikuwa ameajiriwa kuweka kasi. Rekodi ya dunia kabla ya siku hiyo ilikuwa 2:05:38, ya Khalid Khannouchi. Yaani mfanyakazi wa siku hiyo alivunja rekodi ya dunia iliyokuwepo asubuhi, na akarudi nyumbani akiwa namba mbili.

Sekunde moja, jamani! Ukipiga chafya imepita. Lakini tunasimulia kana kwamba Tergat alikimbia peke yake na saa. Mimi simpunguzii Tergat hata chembe. Nasema tu kwamba ukimtoa Korir kwenye hadithi hiyo, hujaifupisha, umeisema vibaya. Mtu alisukumwa mpaka mita ya mwisho na yule aliyelipwa amsaidie, na ndiyo sababu saa ikasimama pale iliposimama.

Na usiniambie kwamba pesimeka ni mtu asiye na uwezo wa kushinda. Berlin hiyo hiyo, mwaka 2000, Simon Biwott aliingia kama mweka kasi, akaona mambo yanaenda vizuri, akaendelea mpaka mwisho na kushinda kwa 2:07:42.

Sasa kazi yenyewe ni nini? Watu hudhani ni upepo tu, kwamba unajificha nyuma ya mgongo wa mtu hewa isikupige. Upepo ni kweli. Lakini niliyemwelewa zaidi ni jirani yangu. Aliniambia, "Kukimbia haraka si kazi. Kazi ni kukimbia haraka ile umeambiwa." Akisema kilomita ni dakika 2:55, iwe 2:55. Akifanya 2:48 kwa sababu anajisikia poa, amewaua watu walio nyuma yake na hawatajua mpaka kilomita ya 35. Akifanya 3:02, amewaibia. Kile anachombebea mwenzake ni uamuzi. Bingwa aliye nyuma haulizi tunaenda kwa kasi gani, anatazama tu mgongo na kuhifadhi akili yake kwa kilomita ambazo hakuna mtu wa kumsaidia.

David Rudisha alijua hivyo. Agosti 2010 alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya wiki moja: 1:41.09 Berlin tarehe 22, na 1:41.01 Rieti, Italia, tarehe 29. Mbio zote mbili mbele yake kwenye mzunguko wa kwanza alikuwa Sammy Tangui. Uliza watu kumi hapa stendi ya Eldoret Rudisha ni nani, wote watakujibu. Uliza Tangui ni nani, halafu uniambie.

Najua jibu litakalokuja, maana nimebishana na watu kwenye kibanda cha chai mpaka chai ikapoa. Watasema: London 2012, je? Olimpiki haina mapesimeka. Rudisha alitoka mbele kutoka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, 1:40.91, rekodi ya dunia. Si hiyo inaonyesha kwamba bingwa wa kweli hahitaji mtu?

Ni hoja nzito na siwezi kuikwepa. Lakini rudi usome matokeo ya siku hiyo yote, usiishie mstari wa kwanza. Nijel Amos wa Botswana wa pili, 1:41.73. Timothy Kitum wetu wa tatu, 1:42.53. Shuka mpaka wa nane, wa mwisho kabisa: Andrew Osagie wa Uingereza, 1:43.77. Muda huo wa mkiani ungempa dhahabu Beijing 2008, Athens 2004 na Sydney 2000. Unaona kilichotokea? Mbio hizo zilikuwa na pesimeka. Alikuwa Rudisha. Alifanya kazi ya Tangui akiwa amevaa jezi ya bingwa, na watu saba wakapata faida. Wanaosema London ilikuwa ushahidi dhidi ya mapesimeka, mimi naiona kuwa mbio nzuri zaidi za pesimeka zilizowahi kukimbiwa.

Hoja ya pili ni Berlin 2018. Eliud Kipchoge aliachwa na mweka kasi wake wa mwisho kwenye kilomita ya 25, akakimbia kilomita 17 peke yake, na bado akaweka 2:01:39, sekunde 78 chini ya rekodi ya zamani. Sawa. Hapo nakubali: kuna watu wachache sana ambao hata ukiwanyima mgongo wa kutazama watafika. Ila kanuni haitungwi kwa kumtazama Kipchoge. Ukitumia kipimo hicho, sisi wengine wote hatuhitaji kuwepo.

Halafu kuna Vienna. Tarehe 12 Oktoba 2019 hapa kwetu kila kibanda chenye televisheni kilijaa. Kipchoge alikimbia 1:59:40 akiwa na waweka kasi 41, wakipokezana kwa zamu, watano mbele wamejipanga na wawili nyuma. Walikuwemo Bernard Lagat, Augustine Choge, ndugu watatu wa Ingebrigtsen kutoka Norwei, Paul Chelimo. Watu wenye medali zao, majina yao, wamekubali kuvaa nguo zinazofanana na kukimbia vipande. Na mwishoni, mita za mwisho, walirudi nyuma wakamwacha apite peke yake, huku wao wakimshangilia kwa nyuma. Ndiyo picha pekee kubwa ninayoijua ambamo mapesimeka wanaonekana wote pamoja.

Na mbio hizo hazitambuliwi kama rekodi. Sababu mojawapo ni hao hao: waliingia na kutoka njiani, na kanuni hairuhusu usaidiwe na mtu ambaye hakuanza mbio pamoja nawe. Kanuni ni ya haki, sina ugomvi nayo. Lakini ona kichekesho: siku ambayo hawa watu walionekana vizuri kuliko siku nyingine yoyote ndiyo siku ambayo haikuhesabiwa.

Nisiwapambe kupita kiasi pia. Tarehe 26 Juni 2025, mjini Paris, Faith Kipyegon aliwekewa waweka kasi 13 ajaribu maili moja chini ya dakika nne. Alimaliza kwa dakika 4:06 na ushei. Migongo 13 haikutosha. Pesimeka hakukimbii, anakufungulia njia tu, na mbele ya njia unabaki wewe na mapafu yako.

Na kuna jambo chungu zaidi ambalo mashabiki wa kazi hii hawapendi kulisema. Hapa Kimumu, na ukiendelea barabara hii mpaka Iten, kuna vijana walioanza kuweka kasi wakiwa na miaka ishirini na moja, wakiambiwa ni kwa muda tu, upate uzoefu, upate viza, zamu yako itakuja. Wana thelathini sasa. Hawajawahi kukimbia kilomita ya 36 wakilipwa. Mtu akiwa mzuri sana kwenye kazi ya kusaidia, nani ana haraka ya kumwondoa hapo? Thamani yake ndiyo inayomfunga. Kwa hivyo ninaposema tuwathamini, sisemi tuwapigie makofi kisha tuwaache pale pale. Makofi hayalipi kodi ya nyumba.

Naomba kitu kidogo, cha maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo kazi yangu. Kwanza, ile DNF iondolewe. Mbele ya jina la mweka kasi paandikwe kilomita alizoongoza na muda alioufikisha: kilomita 30, saa 1:27:30. Hiyo ni kazi iliyomalizika, na inapimika kwa sekunde. Pili, mtangazaji amtaje kwa jina anapotoka. Ni sekunde mbili tu. Siku hizi kamera inamfuata bingwa, na yule aliyetoka anabaki pembeni ya barabara akiwa ameinama, mikono kwenye magoti, mpaka anapotea kwenye skrini. Tatu, sisi waandishi wa huku, tukiandika kuhusu rekodi tuweke sentensi moja ya aliyeibeba nusu ya kwanza. Sentensi moja.

Labda nalichukulia jambo hili kibinafsi. Mimi nilitoka chuoni mwaka wa tatu, karo ikiwa imekwama, na tangu hapo naandika vitu ambavyo watu wengine wanamalizia kwa kuweka majina yao. Kwenye faili ya chuo pia nadhani mbele ya jina langu kuna herufi fulani. Mamangu bado huniuliza nitavaa lile joho lini, nami humwambia wacha tuone.

Jirani yangu naye ana swali lake. Kila akirudi kutoka Ulaya, mamake humpigia kutoka kijijini na kumuuliza kitu kimoja: umekuwa namba ngapi? Mzee wa watu hataki mambo mengi, anataka namba. Na yeye hana. Ana pesa kidogo kwenye M-Pesa, ana chokoleti za watoto wa ploti, lakini namba hana.

Juzi tukiwa tumekaa nje nilimpa jibu. Nikamwambia, mwambie ulikuwa namba moja mpaka kilomita ya thelathini. Si uongo, hata saa zao zinaonyesha.

Alicheka sana. Akasema, "Huyo umjui. Ataniuliza, na baada ya hapo ulienda wapi?"