Askari wa Mchezo na Askari wa Historia

Msomaji, mchezo ni kitu chema. Humpumzisha aliyechoka, humnoa mwenye akili butu, na huwakutanisha watu ambao pengine wasingekutana. Sina nia ya kuugombeza mchezo katika kurasa hizi. Nia yangu ni kuupima mmoja kwa mizani ya historia, kwa sababu wenyewe umejitia katika uwanja wa historia, na aingiaye uwanjani hana budi kukubali kutazamwa.

Mchezo huo huitwa Age of Empires II, nao huchezwa katika kompyuta. Ulitolewa kwanza mwaka wa 1999, na hata leo wachezaji wake ni wengi duniani. Mchezaji huchagua taifa moja la zamani. Hukata miti, huchimba dhahabu, hujenga ngome, hufundisha askari, kisha hupigana na mataifa mengine. Kila taifa lina askari wake wa pekee, na askari huyo ndiye uso wa taifa lake. Mchezaji amwonapo husema moyoni, “Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa watu hawa.”

Kwa miaka mingi nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara hazikuwamo katika mchezo huu. Wachezaji kadhaa wakaanza kuurekebisha wenyewe, wakaongeza mataifa yaliyosahauliwa. Marekebisho ya namna hiyo, yafanywayo na wachezaji, huitwa modi. Kazi yao ilipendwa hata wenye mchezo wakaikubali kuwa sehemu ya mchezo, na mwaka wa 2015 ikatoka nyongeza iitwayo The African Kingdoms. Ndani yake waliingia Wahabeshi na Wamali, na hadithi ya Sundiata ikapata kuchezwa na vijana ambao hawajapata kulisikia jina lake. Jambo hilo lastahili sifa, nami natoa sifa kabla ya lawama.

Tumtazame kwanza askari wa Wahabeshi. Yeye hubeba shoteli, upanga uliopinda kama mundu. Silaha hiyo ilikuwako kweli katika nchi ya Uhabeshi, na kupinda kwake kulikuwa na maana: ncha yake iliweza kuizunguka ngao ya adui na kumfikia aliyejificha nyuma yake. Hapa waundaji waliuliza, wakajibiwa, wakachora walichojibiwa.

Sasa tumtazame askari wa Wamali. Huyu ni mwanamke arushaye visu, naye huitwa Gbeto. Msomaji, hapa historia inainua mkono na kuomba kusema. Jina la Gbeto ni la Dahomey, ufalme ulioinuka katika karne ya 17 katika nchi iitwayo leo Benin, ukashindwa na Wafaransa mwaka wa 1894. Ufalme huo ulikuwa na askari wanawake mashuhuri, na Gbeto walikuwa kundi mojawapo, wawindaji wa tembo. Sundiata aliinua dola la Mali katika karne ya 13. Baina yake na askari hao pana karne nne, na kutoka kitovu cha Mali hadi Abomey, mji mkuu wa Dahomey, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kumpa Sundiata askari wa Dahomey ni kama kumpa mpiga makasia wa Ziwa Victoria nahodha wa jahazi la Lamu, kisha kusema kwamba wote ni watu wa maji.

Je, palikosekana shahidi? La. Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alifika Mali mwaka wa 1352. Aliiona baraza ya mfalme wa Mali, akaandika habari za watumwa wa mfalme waliotoka mbele yake na pinde, mikuki mifupi na ngao. Ushahidi uliandikwa na mtu aliyeona kwa macho yake.

Najua utakalonijibu: “Mwalimu, mchezo ni mchezo tu.” Nakubali nusu ya neno hilo. Mchezo una haki zake. Askari mmoja hawezi kujengwa kwa siku ishirini ili tusubiri kama wakati wa vita vya kweli, wala ng’ombe hawezi kuchinjwa kwa kanuni zote. Lakini mchezo huu una kurasa zake zielezazo historia ya kila taifa, na mtu atangazaye asali asikasirike tukionja. Tena kosa la Gbeto lina mzizi mrefu. Hakuna aliyempa mfalme wa Uingereza askari wa Urusi kwa sababu wote ni Wazungu. Afrika huwekwa katika chungu kimoja, ikakorogwa kwa mwiko mmoja, na kila akipakuacho mtu huitwa Kiafrika. Huko ni kuzinyima nchi zetu zawadi ambayo historia haimnyimi mtu: zawadi ya kuwa na mahali pake na wakati wake.

Lakini tusiwanyoshee kidole watu wa mbali peke yao. Sisi wa pwani ya Ziwa tumefanya kosa hilo hilo, na mkosaji mmoja ndiye anayekuandikia. Miaka michache iliyopita niliwabandikia wanachuo wangu wa ualimu picha ya zamani ya wanaume wa Kijaluo, wenye manyoya vichwani, na mikuki na ngao za ngozi mikononi. Nikasema, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba hao ni mashujaa wakienda vitani. Mzee mmoja aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo alingoja hata nikamaliza. Kisha akaniambia kwa upole, “Mwalimu, hawa hawaendi vitani. Hawa wapo matangani. Waona ng’ombe wale nyuma yao, na mama yule anayelia? Nani aendaye vitani na ng’ombe wake mwenyewe?”

Nikamjibu, “Ahsante, Mzee,” na uso wangu ukawa moto. Picha ile ilikuwa ya tero buru, desturi ambayo wanaume hushika silaha, wakaswaga ng’ombe, wakakimbia kwa kelele ili kukifukuza kifo kutoka nyumbani kwa marehemu. Ushahidi wote ulikuwamo pichani. Nilitazama manyoya, nikaacha kutazama ng’ombe.

Basi tuseme kesho kijana wa Kano atatengeneza modi ya kuwaingiza watu wa Ziwa katika mchezo. Bila shaka atamwanza Luanda Magere, shujaa asimuliwaye kwamba mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikuwa kivulini, hata akauawa kwa mkuki uliochomwa kivuli chake baada ya mke aliyetoka kwa adui kuijua siri. Simlaumu. Okoiti Omtatah alimtungia tamthilia mwaka wa 1991, wala hakuna aliyedanganywa, kwa maana tamthilia hujulikana kuwa tamthilia. Kijana naye aseme wazi: hii ni simulizi.

Lakini akitaka historia, na aende Thimlich Ohinga, katika jimbo la Migori. Huko ataona kuta zilizopangwa mawe matupu bila udongo wa kuyashikisha, zenye kimo cha mita 1.5 mpaka 4.5, zidhaniwazo kujengwa katika karne ya 16, na jamii mbalimbali zikapokezana kukaa ndani yake. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mawe hayo yatamfundisha kwamba vita vya pande hizi vilikuwa pia vita vya kulinda watoto na mifugo usiku. Kisha na aingie Makumbusho ya Kisumu, atazame silaha zilizowekwa humo, na kuuliza kila moja imetoka kwa nani. Askari atakayemchora baada ya safari hiyo huenda asiwe na manyoya mengi, lakini atakuwa na kwao.

Msomaji, cheza. Lakini kila askari akusimamiapo mbele ya macho, katika mchezo, katika kitabu, au katika picha iliyobandikwa na mwalimu wako, muulize maswali matatu: Watoka wapi? Uliishi lini? Nani alikuona? Asipojibu, endelea kucheza naye ukipenda, ila usimwandike katika karatasi ya mtihani.