Sufuria Inayosahau Maharagwe

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, umerudi hapa Manika, Kolwezi, friji inanguruma, na sufuria ya presha inapepesa namba zake kana kwamba haijawahi kuona maharagwe. Yamo ndani, nusu mabichi. Aliyeamua kwamba chombo hiki kikikatiwa umeme kiamke kama kilivyotoka dukani alikosea vibaya.

Si modeli zote. Baadhi hukumbuka zilipoishia, mradi umeme usikatike kwa muda mrefu. Nyingine husubiri kitufe, na wa kukibonyeza yuko sokoni. Wasanifu hujitetea kwa usalama: kifaa cha moto kisijiwashe pasipo mtu. Hoja hiyo ingesimama kama sufuria ingekuwa kipofu. Chini ya chungu kuna kihisi cha joto! Umeme ukirudi na kihisi kikasoma nyuzi 95, basi ulikatika kwa muda mfupi tu; malizia dakika zilizobaki. Kikisoma 30, chakula kimelala saa nyingi katika uvuguvugu. Piga kengele, usipike. Kilichobaki ni kuhifadhi dakika iliyofikiwa kwenye chipu isiyofutika, na chipu hiyo ni ya bei ndogo. Hata redio hukumbuka stesheni. Badala yake, maharagwe yanahamia kwenye mbabula, na makaa ya miombo yanamalizia kazi ambayo umeme wake ulishalipiwa.

Sehemu nyingine za sufuria hazina lawama. Kifuniko, vali ya usalama, kinga ya joto: kazi safi.

Na kukumbuka hakuhitaji hata chipu. Mwaka 1955 Toshiba ilianza kuuza jiko la wali la Yoshitada Minami, lililojaribiwa nyumbani na mkewe, Fumiko. Halikuwa na chipu. Maji yaliwekwa kwenye chungu cha nje. Yakikauka, joto lilipanda kupita nyuzi 100 na swichi ya metali mbili ikakata umeme. Maji yenyewe yalikuwa saa. Umeme ukikatika katikati, kiasi kilichobaki kinaonyesha kazi imefika wapi.

Safu hii haijasamehe laini ya umeme ya Inga–Kolwezi ya mwaka 1982: takriban kilomita 1,700 za mkondo mnyoofu, zikipita juu ya vijiji bila kuviwashia taa, kwa sababu mchoro uliwaona wachimba shaba peke yao. Sufuria hii nayo ilichorewa nyumba isiyojua delestaji, yaani mgao wa umeme.

Kuna kosa la pili. Umeme ukirudi, friji za mtaa mzima huvuta kwa pamoja na volti huanguka. Sufuria ya wati 1,000 ingeweza kupima volti na kungoja kidogo, kila moja kwa muda wake. Fred Schweppe wa MIT aliombea hataza mwaka 1979 kifaa kinachosikiliza masafa ya gridi na kupunguza mzigo chenyewe. Warithi wake wametuletea kitufe cha mtindi na kitufe cha keki.