Kulipeleka Swali la Mtu

Mtoto wa Kilosa huingia kidato cha pili akiwa anajua kupeleka swali la mtu kwa mwingine. Bibi akimuuliza, "Je, umekula?", atakwenda kumwambia mama yake, "Bibi ameniuliza kama nimekula." "Je" imeondoka, "kama" imeingia, nafsi imebadilika, na hakuna aliyemwandikia kanuni ubaoni. Mwalimu hodari wa Kiingereza huanzia hapo. Namsifu kwa hilo kabla ya jingine lolote: hamalizi vipindi akifundisha kinachojulikana.

Kigumu ni mpangilio wa maneno na wakati wa kitenzi. Sisi tukisema "Tembo wako wapi?", tunasema pia "Anauliza tembo wako wapi", bila kuhamisha neno. Kiingereza huuliza "Where are the elephants?", lakini swali likipelekwa, kiima hurudi mbele ya kitenzi: "He asks where the elephants are." Mwanafunzi huandika "He asks where are the elephants", tena kwa alama ya kuuliza.

Ufundi wenyewe ni kuyatenganisha magumu hayo. "He asks" ikitangulia, wakati wa kitenzi haubadiliki, kwa hiyo darasa hushughulika na mpangilio peke yake. Na mfano uko karibu: Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ambayo barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani yake. Mwanafunzi mmoja ni mgeni, wa pili mwongoza watalii, wa tatu dereva aliyesimama nje ya mlango asikosikia. Mgeni ananong'ona swali, mwongoza watalii anamfikishia dereva, dereva anajibu. Zoezi la "geuza sentensi zifuatazo" halina mtu wa tatu huyu, na bila yeye sioni kwa nini mtoto ahangaike kugeuza chochote.

"He asked" huja baadaye, siku nyingine, nayo "are" inakuwa "were". Kisha "Do lions cross the road?" inakuwa "He asked if lions crossed the road": "do" imeondoka, wakati uliopita umehamia kwenye kitenzi chenyewe.

Hapo mwanafunzi makini atanyoosha mkono: mbona simba wanavuka barabara hadi leo? Asinyamazishwe, maana amefikiri vizuri. Mwalimu amwambie ukweli, kwamba "cross" nayo ni sahihi kwa jambo ambalo bado lipo, ila kwenye mtihani aandike "crossed".